Kijiji Kilichopanda na Kushuka Daraja kwa Barua Moja

Vijana mliobaki ofisini mmeniomba niandike yale ambayo hayamo kwenye majalada. Nina wasiwasi kwamba mlitaka tu kunipa shughuli, ili niache kupita kila Jumatatu kuangalia kama taipureta imefunikwa. Nimekubali hata hivyo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, maana vyangu havitoshi kujaza ukurasa.

Niliingia kazini kama mpiga chapa, si kama mtu wa mpira. Nilizaliwa Kimali, na huko nilikokulia msichana alijua pamba, maziwa na kuchota maji. Nilipohamishiwa Bariadi kutoka Maswa nilipewa meza yenye mguu mmoja mfupi na taipureta ambayo herufi yake ya "r" ilikuwa inaruka juu ya mstari. Ofisi yetu ya utamaduni ilikuwa na bwana mmoja aliyeshughulikia michezo. Wiki ya pili akaniomba nimwangalizie jalada la ligi ya wilaya, maana anakwenda kozi ya miezi mitatu. Bado tunamsubiri.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa katibu wa ligi. Kikao cha kwanza waliingia wanaume wanane, viongozi wa timu nane, wakakaa kwenye mabenchi wakitazama mlango. Baada ya muda mmoja akauliza kwa upole, "Dada, katibu anakuja saa ngapi?" Nikamwambia katibu amefika kabla yake, na ndiye aliyekwisha kumwandika kwamba amechelewa. Tangu siku hiyo wakaanza kuniita Mama Katibu, ingawa wakati huo sikuwa na mtoto hata mmoja.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Ramadhani, mwenyekiti wa ligi. Alikuwa na duka la vitambaa na chumvi karibu na soko. Baba yake alitoka Ujiji, mama yake Tabora, na yeye mwenyewe alizaliwa Bariadi na kuapa kwamba hatazikwa kwingine. Aliipenda Timu ya Mjini kuliko alivyopenda kula, na hakuficha. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja mbaya kwa shabiki: haki ilimkosesha usingizi. Alinifundisha kwamba mtu akileta habari kuwa kiwanja kimekauka, usimwamini, nenda ukakikanyage kwa mguu wako. Udongo wetu wa mbuga hauna aibu. Juu unaonekana mkavu, ukisimama sekunde tano unakuvua kiatu.

Vifaa vyetu ninyi mngevicheka. Tulikuwa na mpira mmoja wa ngozi wa kufunga kwa kamba, wenye bladda ya ndani iliyozibwa viraka mpaka ikawa na umbo la kiazi. Sindano ya kuufungia nilikuwa naihifadhi kwenye kopo la gundi, na aliyeiazima alisaini. Chokaa haikupatikana, kwa hiyo mistari tulichora kwa majivu, na upepo ukivuma kidogo eneo la penalti lilihama. Refa wetu aliitwa Bwire, mtu wa Lamadi, wa ukoo wa wavuvi. Jumamosi alileta samaki wakavu sokoni kwa baiskeli, Jumapili akachezesha mpira, Jumatatu akarudi ziwani. Alikuwa refa bora kuliko wote niliowahi kuwaona. Wengine walisema ni kwa sababu ya busara zake. Mimi nadhani ni kwa sababu ya harufu: hakuna mchezaji aliyeweza kumsogelea na kubishana naye zaidi ya nusu dakika.

Sasa niwaeleze msimu ule ambao mmeusikia kwa kupotoshwa.

Kanuni yetu ilikuwa nyepesi. Timu nane za wilaya zinacheza nyumbani na ugenini, ya kwanza inapanda kwenda ligi ya mkoa, ya mwisho inashuka kwenda kucheza na tarafa. Mwaka ule, ligi ikiwa imevuka nusu, timu ya kijiji cha Mwalubezi ilikuwa inaongoza. Timu ya Mjini ya Mzee Ramadhani ilikuwa ya pili. Ya mwisho kabisa ilikuwa Isunga, yenye pointi moja tu, waliyoipata siku ambayo wapinzani wao walichelewa na kucheza wakiwa na njaa.

Nahodha wa Mwalubezi aliitwa Mashauri. Alikuwa beki mrefu, mwenye goti lililokuwa linalia kama mlango wa zizi, na alikuwa amekwisha vuka umri ambao wengine huacha mpira na kuanza kusimulia. Mara tatu Mwalubezi ilikuwa imeshika nafasi ya pili chini yake. Huo ulikuwa mwaka wake, na kila mtu alijua.

Ndipo ikaja Operesheni Vijiji. Ninyi mmesoma habari zake, wengine mlibebwa mgongoni. Malori yalipita, watu wakakusanywa kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika, wakapangwa kwenye mistari ya vijiji vipya. Ligi ikasimama. Viwanja viwili vilijengwa nyumba, kimoja kikawa mahali pa kugawia mahindi, na kingine walipima barabara katikati yake, ikaingia goli hili na kutokea goli lile. Mwalubezi ilihamishwa yote. Nusu ya watu walipelekwa ng'ambo ya mto, na nusu iliyobaki, Mashauri akiwemo, waliletwa kwenye ardhi ya Isunga. Kijiji kipya kikaitwa Umoja.

Mvua zilipokaribia, mkoa ukataka jina la timu ya kupanda na ya kushuka ndani ya wiki mbili. Tukakaa kikao. Mmoja alitaka msimu wote ufutwe. Timu yake ilikuwa ya saba. Mwingine alitaka pointi zigawanywe kwa idadi ya mechi, akapiga hesabu kwa mkaa ukutani, akajikuta ameshuka nafasi mbili, akaifuta kwa kiwiko. Mwisho tukakubaliana kwa kura: msimamo ubaki kama ulivyokuwa siku ligi iliposimama. Mzee Ramadhani alipiga kura hiyo huku akijua inaiacha Mjini ya pili. Nilimwona akimeza mate.

Kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kuchapa msimamo na kuupeleka mkoani. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mpiga chapa wa miaka ile peke yake angeweza kulifanya. Ulikuwa umekuja waraka kwamba majina ya zamani ya makazi yasionekane tena kwenye karatasi yoyote ya serikali, yaandikwe majina ya vijiji vipya. Mimi nilikuwa mtu wa nyaraka. Nikafungua orodha mpya na kubadilisha jina moja moja, kwa uangalifu, nikitia kaboni nakala tatu. Nikasoma mara mbili kuhakiki kama "r" haijaruka sana. Nikapeleka.

Baada ya siku nne ikaja telegramu: UMOJA NI WA KWANZA NA UMOJA NI WA MWISHO. ANAPANDA AU ANASHUKA. ELEZA.

Nilikaa nikaitazama. Mwalubezi na Isunga, zote mbili, nilikuwa nimeziandika Umoja. Kabla sijapata la kujibu ikafuata barua. Mkoa ulikuwa umefikiri. Kijiji kimoja kina timu moja, walisema, na timu haiwezi kupanda na kushuka kwa wakati mmoja, kwa hiyo ibaki pale ilipo. Ya pili ipande.

Ya pili ilikuwa Mjini. Nilimpelekea Mzee Ramadhani barua dukani. Akaisoma, akaikunja, akaifungua tena. Akaniuliza kwa sauti tamu ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama Katibu, barua ya mkoa si ni amri?" Nikasema ni amri. Akapima kitambaa cha mteja mmoja, akakosea, akapima upya. Halafu akasema, "Basi leo sitakula vizuri," akafunga duka mchana kweupe.

Mashauri alikuja ofisini kesho yake. Aliegesha baiskeli, akaingia na kofia mkononi.

"Mwangaluka, mayu," akaniamkia kwa Kisukuma, kama mtu anayemwamkia mama yake.

"Mwangaluka, baba. Kaa."

Hakukaa. "Nimesikia sisi tumebaki palepale."

"Mkoa ndio umesema."

"Mkoa umesomaje? Sisi tulikuwa wa kwanza."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu mwingine aliyejua karatasi ile ilichapwa vipi. Lakini alikuwa amesimama pale na goti lake, nikamwambia ukweli: kwamba mimi ndiye niliyeliondoa jina la Mwalubezi, kwa kufuata waraka.

Hakupandisha sauti. "Mayu, nyumba yangu wameihamisha, nikasema sawa. Ng'ombe zangu wamezihamisha, nikasema sawa. Hata makaburi ya wazee yamebaki kule peke yake, nimenyamaza. Sasa na pointi nazo mmezihamisha?"

Katika miaka yote ya kazi nimesemwa na wakubwa wengi, wengine kwa Kiingereza. Hakuna maneno yaliyoniuma kama yale. Alipotoka niliona aibu mpaka nikashindwa kunywa chai.

Nikaketi kwenye taipureta nikaandika barua ndefu mkoani, ya kwanza maishani mwangu isiyoanza na "Rejea barua yenu". Nilikiri kosa. Nikaambatisha ripoti zote za Bwire, zenye majina ya zamani na harufu yake. Mzee Ramadhani akatia sahihi chini, akiguna kana kwamba anang'olewa jino. Jibu la mkoa lilikuwa la watu waliochoka nasi: kijiji kimoja, timu moja, hilo halibadiliki. Timu zote mbili zicheze mchezo mmoja. Mshindi ndiye atakayekuwa timu ya kijiji, atachukua nafasi ya kwanza na kupanda. Atakayeshindwa ahesabiwe ameshuka na kufutwa.

Kwa hiyo Isunga, wenye pointi moja ya njaa, walikuwa dakika tisini tu kutoka ligi ya mkoa. Na Mwalubezi, waliotesa wilaya nzima, walikuwa dakika tisini kutoka kufutwa. Msidhani lilikuwa jambo rahisi kwa Mashauri. Golikipa wake alikuwa ng'ambo ya mto pamoja na mawinga wote wawili, sasa watu wa kijiji kingine. Alipohesabu watu aliowapata Umoja, wakafika wanane.

Mwenyekiti wa kijiji kipya alikuwa Mzee Ngassa, ambaye pia ndiye kiongozi wa timu ya Isunga. Mtu mnene, mkarimu, mwenye kupenda kutajwa kwenye mikutano. Aliposikia habari za mchezo alianza kuulizia bei ya viatu.

Ninyi mliokulia hapa mnajua desturi yetu. Mgeni aliyehamia kwenu akipungukiwa mikono ya kazi, anakwenda kwa mwenye mji mbele ya watu na kuomba. Mwenye mji hawezi kumnyima. Akimnyima leo, kesho hakuna atakayemsaidia yeye kupalilia, na jina lake litaimbwa kwenye ngoma mpaka wajukuu. Na wale wanaotolewa kwenda kusaidia hawaruhusiwi kutegea. Kulegeza jembe kwenye shamba la mtu ni aibu ya nyumba walikotoka.

Siku tatu kabla ya mchezo, kwenye mkutano wa kijiji, nilikuwepo kupima kiwanja. Mashauri akasimama.

"Mzee Ngassa, mimi mgeni wako. Jumapili nina kazi, na mikono imepungua. Naomba watu watatu wa kunisaidia."

"Kazi gani, ng'wanawane?" akauliza mzee, kama anayemwita mwanawe.

"Kucheza mpira na wewe."

Watu walianza kukohoa. Ngassa akatazama kulia na kushoto, akawaona wazee wenzake wote wanamtazama kwa hamu kubwa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa ya malaria, "Sawa. Utapata watatu."

Akampa watatu ambao hakuwahi kuwachezesha. Mmoja golikipa wa akiba, mmoja kijana aliyesemekana ana macho mabovu, na wa tatu Jidayi, mkwewe, mume wa binti yake mkubwa, ambaye msimu mzima alikuwa mbeba maji. Mashauri alishukuru kwa mikono miwili. "Wabeja sana, mzee."

Mtu mmoja wa kamati akanijia mbio na kanuni mkononi. Haiwezekani, alisema, mchezaji wa kijiji kimoja hawezi kuchezea timu ya kijiji kingine katika msimu mmoja. Nikamwomba anisomee tena, polepole. Nikamuuliza, hawa ni wa kijiji gani? Akasema Umoja. Na wale? Umoja. Nikamwonyesha waraka. Mara hiyo moja tu nilifurahi kwamba nilikuwa nimeutunza vizuri.

Jumapili wilaya nzima ilikuwepo. Bwire alipuliza filimbi akiwa na magamba ya samaki kwenye mkono. Isunga walicheza kwa nguvu ya viatu vipya, wakapata bao mapema, mpira ukimpita beki, ukagonga jiwe na kuingia golini. Mzee Ngassa alisimama akasalimia umati. Mimi nilikuwa mezani na daftari langu, na katibu hatakiwi kuwa na upande, lakini mkono uliandika lile bao kwa herufi ndogo sana.

Ila wale watatu waliotolewa, jamani. Mtu aliyekaa benchi msimu mzima ana mengi moyoni. Yule wa macho mabovu alikimbia kama anafukuzwa na fisi, na golikipa wa akiba alidaka hata mipira iliyokuwa inatoka nje. Baada ya mapumziko Mashauri alisawazisha kwa kichwa, kwa kona, goti likiwa halina kazi hewani. Zikabaki dakika chache. Mpira ukamfikia Jidayi mbele ya goli tupu.

Akasimama. Naapa alisimama, akageuka kumtazama baba mkwe wake ng'ambo ya mstari. Heshima ya mkwe kwetu si mchezo. Hata njia mnapishana kwa adabu. Mzee Ngassa akafumba macho, halafu akapiga kelele mwenyewe, "Lima, ng'wanawane! Usinitie aibu!"

Jidayi akafunga. Kisha akatembea hadi mstarini, akainama na kumwomba radhi mzee, huku wenzake wakimrukia mgongoni. Mzee Ngassa alimpokea. Alikuwa na machozi, na mpaka leo hataki kusema yalikuwa ya nini.

Jioni ile nilifungua ofisi nijaze fomu ya mkoa. Palikuwa na nafasi moja ya kujaza: Jina la timu inayopanda. Kwa waraka, ilitakiwa kuwa Umoja. Nilikuwa nimefuata nyaraka miaka yote, sijawahi kuruka hata moja. Nikachapa Mwalubezi. Nafasi ilikuwa ya herufi kumi na mbili, zikabaki tatu.

Mzee Ramadhani alivaa miwani akasoma. "Mama Katibu, jina hili haliruhusiwi."

"Najua, Mwenyekiti."

"Na kijiji hiki hakipo."

"Najua."

Akachovya kalamu. "Mjini ingecheza vizuri huko mkoani," akasema, akatia sahihi. Mkoani hawakuuliza kitu. Nafikiri waliogopa nitawaandikia tena.

Mwaka uliofuata Mwalubezi wakacheza ligi ya mkoa, timu ya mahali ambapo wakati huo palikuwa na majani na mbuzi wa watu wengine. Sitawadanganya, hawakuwa lolote. Walifungwa Kahama, wakafungwa Maswa, wakashinda mara moja tu, na mwisho wa msimu wakashuka. Baada ya hapo kijiji kikacheza kwa jina la Umoja, kama inavyotakiwa, na Jidayi akawa nahodha.

Wiki waliyorudi kutoka mchezo wa mwisho, Shinyanga mjini, Mashauri alipita ofisini kuniletea ripoti ya refa. Alikuwa anatembelea fimbo. Nilisoma matokeo, sita kwa bila. Nikamwambia tu pole, baba, safari ndefu kwa kipigo kile.

"Hapana, mayu," akasema. Alikuwa anatabasamu. "Kule kuna mtu ana kipaza sauti. Kila wakitufunga anatangaza kwa uwanja wote: Mwalubezi wamefungwa. Mara sita, mayu. Mke wangu alikuwepo, na mama yangu. Wamelisikia jina letu mara sita."